Allidina Visram: Mali Iliyojengwa kwa Subira



Safu hii imezoea kusimulia maisha ya wanazuoni, majemadari na mashujaa wa umma wetu. Toleo hili tumemchagua mfanyabiashara, mtu aliyeanza akiwa mtumishi wa duka na akafa akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo wenzetu wengi wanarudi nalo kila likizo. Wale waliotoka Nakivale wanaulizwa na wazazi wao: vijisenti hivi tulivyonavyo tuviweke wapi? Tangu 2020 msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 familia ziligawanywa kwa makundi, nyingine zikaachwa bila kitu. Wakati huohuo, sisi tulioko hapa Mbarara simu zetu zinajaa matangazo ya watu wanaodai fedha yako itazaa maradufu kabla mwezi haujaandama. Kati ya njaa ya huku na tamaa ya kule, ni vyema tukae kitako tumsikilize mtu aliyetumia zaidi ya miaka 50 kujenga mali yake, kisha tuone mali hiyo iliishia wapi.

Kijana wa Kera

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, magharibi ya Bara Hindi. Wazee wake walikuwa Waislamu wa jamaa ya Khoja, wafuasi wa madhehebu ya Ismailia. Kutch ni nchi kame, mvua yake haina uhakika, na vijana wake tangu kale walizoea kutafuta riziki baharini. Kila mwaka upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, majahazi yalitweka matanga kuelekea Zanzibar, na kusi ilipokuja yalirudi nyumbani. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, Allidina alikuwa miongoni mwa waliosafiri.

Zanzibar wakati ule ilikuwa chini ya Seyyid Majid bin Said. Ilikuwa bandari ya karafuu na pembe za ndovu, na pia, wala tusifiche, ilikuwa na soko la watumwa ambalo halikufungwa hadi 1873. Kijana huyu hakuja na mtaji. Alivuka hadi Bagamoyo na kuajiriwa katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Paroo, ambayo baadaye ilikuwa chini ya Sewa Haji Paroo, mtu wa rika lake na Khoja mwenzake aliyezaliwa Zanzibar.

Bagamoyo ndiko njia kubwa ya misafara ilikoanzia na kuishia. Nyumba ya Paroo ilitafuta wapagazi, ikauza vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na chumvi, na kupokea pembe zilizotoka bara. Hata wasafiri wa Kizungu akina Stanley walipata wapagazi na mahitaji kwa Sewa Haji. Kijana aliyeajiriwa katika nyumba ya namna hiyo alijifunza kupima, kuhesabu, kujua mteja yupi ni mwaminifu na yupi si mwaminifu, na kuandika daftari. Allidina aliishi katika shule hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuwa na chake.

Mtaji unaolala njiani

Mwishoni mwa miaka ya 1870 alianza kupeleka misafara yake mwenyewe. Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tufikirie msafara ulivyokuwa. Mfanyabiashara alinunua vitambaa na shanga leo, akavifunga mizigo ya kilo 30 hivi, kila mzigo ukabebwa na mpagazi mmoja kichwani au begani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa miezi kadhaa ya mguu. Kisha kulikuwa na kuuza, kununua pembe, na kurudi. Katika muda huo wote mtaji wake ulikuwa njiani, hauonekani wala hauguswi. Huko njiani kulikuwa na homa, vita vya watemi, ukame, na wapagazi waliotoroka.

Mtu asiyeweza kungoja hakuifaa biashara hiyo. Wala haikumfaa mtu aliyeweka mtaji wake wote katika msafara mmoja, kwani ukiharibika huo, naye ameharibika. Allidina alichofanya ni kupanga maduka kando ya njia: Dar es Salaam, Sadani, Tabora, Ujiji. Bidhaa zikawa zinasogea hatua kwa hatua, na hasara ya kituo kimoja ilibebwa na vituo vingine. Faida iliyopatikana katika duka la kwanza ilifungua la pili, na la pili likafungua la tatu. Mfumo huu aliuendeleza maisha yake yote, na ndio siri ya kwanza ya utajiri wake.

Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki. Alikuwa amejenga shule Bagamoyo na kutoa fedha za hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado liko katika hospitali ya Muhimbili. Allidina alikuwa amefikisha miaka 46. Kwa hesabu ya zama zile alikuwa mtu mzima ambaye angeweza kupumzika. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza sehemu kubwa ya kazi yake.

Reli, kauri na rupia

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na Desemba 1901 ilifika Kisumu. Allidina aliona kwamba enzi ya misafara inakwisha. Wengi waliozoea njia ya Bagamoyo walibaki wakiilinda. Yeye alihamishia nguvu zake kaskazini, akafungua maduka kadiri reli ilivyosonga, na akasambaza chakula kwa maelfu ya wafanyakazi waliokuwa wakitandika mataruma. Makao yake makuu yakawa Mombasa, naye akaingia Uganda.

Uganda aliyoikuta ilikuwa inatumia kauri, zile simbi za baharini. Hadi leo Waganda huita fedha nsimbi, kumbukumbu ya zama hizo. Makubaliano ya mwaka 1900 yalileta kodi ya nyumba ya rupia tatu, na mwaka 1901 Ankole nayo ikawa na makubaliano yake. Haukupita muda serikali ikakataa kupokea kauri kama kodi. Mtu aliyekuwa amejaza vikapu vya kauri chini ya kitanda, akidhani ameweka akiba ya wajukuu, aliamka na kukuta ana vikapu vya makombe.

Mkulima sasa alihitaji rupia, na ili apate rupia alihitaji mnunuzi. Hapo ndipo maduka ya Allidina yalipopata nafasi. Yaliuza nguo, sukari, mafuta ya taa na majembe, lakini pia yalinunua ngozi, pilipili, ufuta, karanga, na baadaye pamba. Maofisa wa serikali waliona faida yake, kwa kuwa kituo kipya kilichokuwa na duka lake kilipata bidhaa na mzunguko wa fedha. Kabla ya mabenki kuenea, duka lake lilifanya kazi ya benki pia: mtu aliweza kulipa fedha mahali pamoja na kupokea hati ya kuzichukua mahali pengine.

Wakati huu, kuanzia 1904 hivi, alianza kutawanya mali yake nje ya maduka. Alifungua mashamba makubwa saba, akajaribu miwa, mpira, pamba, chai na matunda. Alikuwa na mashine za kuchambua pamba, viwanda vya kukamua mafuta, kiwanda cha sabuni Mombasa, karakana za samani Kampala na Entebbe, viwanda vya soda, mikokoteni ya kubebea mizigo, na vyombo vya kusafiria Ziwa Victoria. Makarani na wauzaji wake wa Kihindi peke yao walizidi 500, mbali na Waafrika wengi waliofanya kazi mashambani, viwandani na njiani. Vijana wengi waliofika kutoka Kutch na Gujarat walianza kwake, wakajifunza kazi, kisha wakachukua bidhaa kwa mkopo na kufungua maduka yao. Watu wakamsema kuwa ni mfalme wa Uganda asiye na taji.

Si kila alichokijaribu kilifaulu.  Lakini shamba lililoshindwa halikuwahi kuangusha duka lililofanikiwa, kwa sababu hakuna jaribio moja lililobeba mali yote.

Alitoa pia. Imam wao, Aga Khan, alimpa cheo cha Varas kwa utumishi wake katika jamaa yake. Mkono wake haukuishia kwa watu wake, maana alichangia hospitali, na hata ujenzi wa Kanisa Kuu la Namirembe ulipata mchango wake. Alijua kwamba mwenye duka huishi kwa jirani zake wote.

Tusimpambe kupita kiasi

Waandishi wa maisha ya watu wana tabia ya kumgeuza kila marehemu kuwa malaika. Tusifanye hivyo. Biashara ya pembe ilimaliza ndovu katika nchi nyingi, na wapagazi walikufa njiani bila majina yao kuandikwa popote. Dola ya kikoloni nayo ilifungulia milango baadhi ya watu na kuwafungia wengine. Mfanyabiashara wa Kihindi alipata mkopo, leseni na ulinzi ambavyo Mganda au Mnyankole wa wakati ule hakuvipata. Subira na akili ya Allidina ni za kweli, lakini alipanda mbegu zake katika shamba ambalo wengine walizuiwa kuingia. Tunajifunza kwake kwa kujua hilo.

Kifo na yaliyofuata

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki, njia za biashara zilivurugika na bandari zikashikwa na jeshi. Katikati ya vita hiyo, Juni 1916, Allidina Visram alifariki akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa bado kazini.

Biashara ilimwangukia mwanawe, Abdulrasul. Tukumbuke ni mali ya namna gani aliyorithi: maduka mengi yaliyotapakaa kutoka pwani hadi ng'ambo ya maziwa, mashamba, viwanda, vyombo vya majini, na madeni mengi ambayo wenye maduka madogo walikuwa wanadaiwa. Yote hayo yalikuwa yameshikwa na mtu mmoja aliyejua kila tawi na kila mdaiwa, na mtu huyo ameondoka.

Kisha ukaja msukosuko wa fedha. Kabla ya vita rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Baada ya vita ilipanda kwa kasi, na mwaka 1920 serikali iliifunga kwenye shilingi mbili. Aliyekuwa na deni la rupia akajikuta deni limekua bila kukopa hata senti zaidi, kwa kuwa pamba na ngozi zake ziliuzwa kwa fedha ya Kiingereza. Mwaka huohuo bei ya pamba ikaporomoka katika soko la dunia. Ikaja florini, na baada yake shilingi ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wengi, wakubwa kwa wadogo, walifilisika katika miaka hiyo michache.

Abdulrasul alijenga shule Mombasa kwa jina la baba yake, Allidina Visram High School, na ipo hadi leo ikisomesha watoto wa kila dini na kabila. Lakini mwaka 1923 naye alifariki. Miaka saba ilikuwa imepita tangu kufa kwa baba. Nyumba ile kubwa ya biashara haikuweza kusimama tena. Iligawanyika na kuuzwa. Kilichobaki na jina lake ni ile shule, yaani kile kilichotolewa.

Anayetaka kuelewa uwekezaji wa muda mrefu na azisome nusu zote mbili za habari hii, ile ya kujenga na ile ya kubomoka.

Mafunzo kwetu

La kwanza ni muda. Mali ya Allidina ilikua kwa sababu faida haikuliwa yote, ilirudishwa ikazaa. Tuchukue hesabu ndogo. Mtu anayeweka shilingi 5,000 za Uganda kila wiki anaweka 260,000 kwa mwaka. Kwa miaka 20 atakuwa ameweka 5,200,000. Tuseme amezitia katika biashara au hisa zinazoleta faida ya halali ya asilimia 10 kwa mwaka, na kila faida anairudisha. Baada ya miaka hiyo 20 atakuwa na karibu 14,900,000. Hakuna anayeweza kuahidi hiyo asilimia 10. Mwaka mmoja utazidi, mwingine utakuwa wa hasara. Lakini hesabu inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya fungu hilo huletwa na muda. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye 5,000 leo ana kitu ambacho mzee mwenye milioni hana.

La pili ni kutawanya. Sisi wa nchi hizi hatuhitaji kufundishwa hili na vitabu vya mbali. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na waliokuwa na kila kitu katika maduka na majumba ya hapa, Mbarara ikiwemo, waliondoka na masanduku. Februari 1979 vita vya kumng'oa Amin vilifika Mbarara, na sehemu kubwa ya majengo ya mji ililipuliwa. Na ukienda Nakivale, katika Base Camp, Juru au Rubondo, kila nyumba ina mtu aliyeacha nyumba ya matofali, ng'ombe au duka huko Kivu, Burundi, Rwanda au Somalia. Ardhi ni mali nzuri, lakini haibebeki. Dhahabu inabebeka, lakini haizai. Biashara inazaa, lakini inaweza kufa na mwenyewe. Elimu ya mtoto hainyang'anywi mpakani. Mtu mwenye akili hugawa, kadiri ya uwezo wake, ili pigo moja lisimmalize.

La tatu, fedha iliyolala hupungua. Yaliyowapata wenye kauri yamewapata wengine baada yao. Mei 1987 Uganda ilikata sifuri mbili kwenye fedha yake na kutoza asilimia 30 ya kubadilisha. Ndugu zetu Wakongo wanakumbuka mwaka 1993, zaire milioni tatu za zamani zilipobadilishwa kwa zaire mpya moja. Dini yetu ililiona jambo hili mapema. Umar bin al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, aliagiza kwamba mali ya mayatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Zaka ya asilimia mbili na nusu kila mwaka humsukuma mwenye mali iliyofika nisabu aitie kazini, badala ya kuifukia.

La nne, kabla ya kuwekeza, jikinge. Fedha unayoihitaji mwezi ujao kwa karo, dawa au chakula si fedha ya kuwekeza. Weka kwanza akiba ya kukuvusha miezi michache, mahali unapoweza kuichukua haraka. Asiye na akiba hiyo hulazimika kuuza hisa au mbuzi wake siku bei ikiwa chini kabisa, na hapo ndipo masikini anapopoteza kila mara. Kwa familia ya Nakivale ambayo posho inaweza kukatwa wakati wowote, hili linatangulia mengine yote.

La tano, nunua unachokielewa. Allidina alitumikia biashara ya misafara kwa miaka mingi kabla ya kuweka yake. Anayekuletea mpango wa kuzidisha fedha mara mbili kwa mwezi muulize fedha hiyo inazalishwa na nini: inanunua nini, inauza nini, kwa nani? Ikiwa jibu lake ni kuleta watu wengine, basi faida yako ni mtaji wa mwenzako, na siku watu wapya watakapokwisha atatoweka nazo. Wengi walioumizwa na mipango hiyo waliingizwa na rafiki au ndugu waliyemwamini, wengine hata msikitini. Uaminifu wa rafiki yako hauwi ushahidi wa uaminifu wa aliyemdanganya yeye.

La sita ni gharama. Turudi kwenye hesabu yetu. Ikiwa kila mwaka ada za msimamizi zinakula asilimia mbili, ile 10 inakuwa nane, na baada ya miaka 20 utakuwa na karibu 11,900,000 badala ya 14,900,000. Milioni tatu zimekwenda bila wewe kuona mkono ulioingia mfukoni. Uliza ada zote kabla ya kutia sahihi, ziwe za benki, za SACCO, za dalali au za kutoa fedha kwa simu. Kununua na kuuza kila wiki nako ni gharama, na humtajirisha dalali.

La saba, njia za halali zipo, na zinazidi. Soko la Hisa la Uganda lilianza kazi Januari 1998. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, unashiriki faida na hasara, na kwa asili yake haina tatizo. Kinachotakiwa ni kuangalia kampuni inafanya kazi gani na imebeba madeni ya riba kiasi gani, na kuwauliza wenye elimu. Hatifungani za serikali zinalipa riba, hivyo Mwislamu anazikwepa. Sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 leseni ya kwanza ilitolewa. SACCO na vikundi vya kuweka akiba vya Nakivale na Mbarara ni msaada mkubwa, lakini vingi vinakopesha kwa riba. Hakuna kinachotuzuia kuanzisha vyetu kwa mudharaba au musharaka, ambapo mwenye mtaji na mwenye kazi wanagawana faida kwa makubaliano ya tangu mwanzo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, ingawa kiwanja anachopewa makazini ni cha kutumia tu, hawezi kukiuza. Kwa hiyo asizike mtaji wake wote katika nyumba ya kiwanja hicho.

La nane, ambalo tumeliacha mwisho kwa makusudi: mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba ya Allidina ilimtegemea mtu mmoja, na baada yake mtu mmoja tena. Madaftari hayakukosekana, lakini ujuzi wa kuiendesha dola ile ya maduka uliishi kichwani mwake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale bila wasia ulioandikwa. Ni wangapi kati yetu ambao, wakifa usiku wa leo, wazazi wao watajua wana hisa wapi, wanadaiwa na nani, wanamdai nani, na namba ya siri ya simu ni ipi? Andika. Mweleze mtu mmoja au wawili unaowaamini. Wafundishe wadogo zako kuendesha kile unachojenga, ukiwa hai, ili mirathi yako iwakute wameshajua kazi. Wasia usizidi theluthi, kama sheria yetu ilivyoweka, na hiyo theluthi ifikirie vizuri. Shule ya Bagamoyo, hospitali ya Dar es Salaam na shule ya Mombasa zinaonyesha kwamba hata wafanyabiashara walijua fungu gani la mali linadumu.

Ndugu msomaji, tunaomba jambo moja dogo la kufanya kabla ya toleo lijalo. Chukua daftari, hata la shilingi 1,000 kutoka duka lolote la High Street. Upande mmoja andika unachomiliki, upande wa pili andika unachodaiwa, na ukurasa unaofuata andika majina ya watakaohitaji kujua. Likizo ijayo lipeleke nyumbani, liwe ni Nakivale, Isingiro au kwingineko, ukae na wazazi mfanye hesabu ya nyumba nzima kwa namna hiyohiyo. Swali la wapi pa kuweka vijisenti litakuwa jepesi zaidi mkishajua ni vingapi.

Tunamwomba Allah Subhanahu wa Taala atupe riziki ya halali, subira ya kuikuza, na mikono ya kuitoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.